Kila tukio linaacha deni: namna ya kuunga vipande vya hadithi vikawa kisa kimoja

Vijana wanaoniletea kazi zao hapa Lindi hawakosi mambo ya kuandika. Wanayo mengi mno. Simu imejaa vipande vilivyoandikwa ndani ya basi, daftari lina kurasa nne za mtu anayelia bandarini, kuna sauti iliyorekodiwa saa nane usiku kabla ndoto haijapotea. Kila kipande ukikisoma peke yake kinagusa. Ukimuuliza mwenyewe, "Sasa hadithi yenyewe ni ipi?" ananyamaza, halafu anaanza kukusimulia upya lile tukio analolipenda kuliko yote.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nitaeleza njia ninayoitumia mimi, na nitaipitisha kwenye mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maelezo bila mfano hayamsaidii mtu mwenye vikaratasi mkononi. Mfano nimeutoa kwenye korosho, ambazo huku kusini zinapanga hadi lini mtu ataoa na lini mtoto atanunuliwa sare. Wahusika wote ni wa kubuni.

Utahitaji karatasi za daftari zilizokatwa mara nne, penseli, mkeka au sakafu safi, na baadaye mtu mmoja wa kukusikiliza. Kompyuta iache kwanza. Kwenye kioo unaona vipande viwili vitatu kwa wakati mmoja, na kazi hii inataka uvitazame vyote kwa jicho moja.

Hatua ya 1: Toa vyote nje

Kila tukio liandike kwenye kikaratasi chake, kwa sentensi moja yenye mtu, kitendo na mahali. "Huzuni ya mjane" hiyo ni mada, wala haina pa kushikia. "Mjane anapuliza dawa ya salfa shambani peke yake alfajiri" hapo pana mtu, pana jambo analofanya, na tunajua amesimama wapi. Usichague wala usipange. Hata kile unachokiona hakina maana, kiandike.

Hivi ndivyo vikaratasi vya mfano wetu, kama vilivyotoka:

Mjane anaitwa Somoe, anapuliza salfa mikorosho yake peke yake alfajiri.
Kijana anapanda kivuko kutoka Kitunda kuja Lindi mjini, ana begi moja, hageuki nyuma.
Orodha ya malipo imebandikwa kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, jina la mtu fulani halipo.
Usiku, mtu anapima korosho za kangomba (biashara ya magendo, nitaieleza mbele) kwenye chumba cha uani.
Mtu anakata mkorosho mkubwa kuliko yote shambani. Sijui ni nani.
Basi la Dar limekwama kwa mvua, abiria wanagawana mihogo ya kuchoma.
Wanawake wanapika wali wa shughuli ya unyago, mmoja anaacha kuimba ghafla.
Ndani ya gunia, chini ya korosho, kuna mawe.
Mtoto anakula bibo, tunda la mkorosho, maji yake yanamtia doa kwenye shati jeupe la shule.

Tisa. Vichanganye kama karata kabla hujaendelea. Mpangilio ulionao kichwani sasa ni wa siku ulizoyawaza mambo hayo, na hadithi haina habari na siku hizo.

Hatua ya 2: Tenga picha na tukio

Geuza kila kikaratasi, andika nyuma yake: "Anaingia na… anatoka na…" Kijana wa kivuko anaingia akiwa mtoto wa nyumba fulani, anatoka akiwa mtu wa mjini asiye na kwao. Kimebadilika kitu, kwa hiyo ni tukio. Mtoto wa bibo anaingia na njaa kidogo, anatoka na doa. Hapo hakuna jambo lililopinduka. Hiyo ni picha.

Picha usiitupe. Aliyekulia huku anajua kwamba doa la bibo halitoki, ufue kwa sabuni gani. Kitu kisichofutika ni mali kwa mwandishi, ila hakitaweza kusimama chenyewe. Weka picha zako pembeni mwa mkeka. Zitaingizwa ndani ya matukio mengine baadaye, na mara nyingi ndizo zitakazokuokoa mahali usipotegemea.

Hatua ya 3: Tafuta mwenye hadithi

Wengi hapa humchagua anayetembea sana. Kwenye mfano wetu angekuwa kijana mwenye begi, kwa kuwa safari inavutia na kivuko kinavutia. Mimi nauliza swali jingine: katika hawa wote, nani ana cha kupoteza ambacho hawezi kukipata tena? Kijana ana begi. Somoe ana shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, jina kwenye daftari la chama, na pengine mtoto. Mwenye hadithi ni Somoe.

Ukishampata, pitia kila kikaratasi na umuulize: hili linamhusu nini Somoe? Kijana wa begi nikamfanya mwanawe, nikampa jina la Hamisi. Mpimaji wa kangomba nikamfanya shemeji yake, mdogo wa marehemu, anaitwa Chande. Angalia tulivyopungukiwa na watu: tulikuwa na kundi la wageni, sasa tuna familia moja. Vipande vingi havikutani kwa sababu tu kila kimoja mwandishi amekipa watu wapya. Wape undugu kwanza, utashangaa vinavyosogeleana vyenyewe.

Basi lililokwama halikumpata mtu wake. Nilijaribu kumpandisha Hamisi ndani yake, lakini safari yake ni ya kuvuka maji tu. Nikalitia kwenye bahasha. Ni tukio zuri, nalipenda, na litangoja hadithi yake.

Hatua ya 4: Andika deni la kila tukio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Tukio lolote lenye uhai linamwachia msomaji deni. Amekuona umeweka jambo, anangoja ulilipe. Deni laweza kuwa swali (nani kafanya, kapata wapi), laweza kuwa ahadi (atarudi, atalipiza), laweza kuwa kitu chenyewe kilichowekwa mezani. Tukio jingine, karibu au mbali, linapaswa kuja kulilipa, na katika kulilipa liache deni jipya. Matukio mawili yameungana pale tu moja linapolipa alichokopa mwenzake. Kuyaweka jirani hakuyaungi.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilisema jambo hili kwa njia yake: ni tofauti kubwa kati ya jambo kutokea baada ya jingine na kutokea kwa sababu ya jingine. Bibi zetu wanaosuka mikeka wanalijua kwa vidole. Ukili mmoja mmoja hausemwi kuwa ni mkeka, hata ukiwa nao kumi umeupanga vizuri kwa rangi. Mkeka unaanza pale ukili unaposhonwa na mwenzake, na mshonaji akiruka pahala, mtu atakapoketi ndipo patakapofumuka.

Juu ya kila kikaratasi andika "Linalipa", chini andika "Linadai". Tuchukue la Somoe na salfa, tulitazame kwa karibu.

Ni alfajiri, majani bado yana umande, upepo umelala. Huo ndio wakati mzuri, kwa sababu vumbi la salfa linashika kwenye maua na machipukizi na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Somoe amebeba mashine mgongoni, amejifunga kanga puani, anatembea mstari kwa mstari. Tukio linasomeka. Lakini mkulima akilisoma atauliza mara moja: mfuko wa salfa wa kilo 25 mjane huyu kaupata wapi? Mashine ni ya nani? Na mbona yuko peke yake, kazi ya watu wawili? Hayo ni madeni matatu ambayo mwandishi hakujua kuwa ameyakopa.

Usiyalipe yote kwa uzito mmoja. Chagua lililo zito, mengine yalipe kwa neno moja. Mashine kaazima kwa jirani, imekwisha hiyo. Yuko peke yake kwa sababu Hamisi yuko shule, imekwisha na hiyo. Salfa ndiyo nzito. Sasa tembeza macho kwenye mkeka: ni kikaratasi kipi kinaweza kulipa deni la salfa? Kipo kimoja. Cha kangomba.

Msomaji wa Nachingwea au Tandahimba, wilaya za korosho, hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Wa Mwanza mweleze kwa mstari mmoja ndani ya hadithi: mfanyabiashara anatoa fedha au pembejeo mapema mkulima akiwa hana kitu, halafu msimu ukifika anachukua korosho kwa kipimo chake na kwa bei yake, nje ya mnada. Ni biashara iliyopigwa marufuku, na inafanyika usiku. Basi Chande alimpa Somoe salfa. Nikaandika na maneno yake, kwa sababu deni la mdomo linashika kuliko la maelezo: "Shemeji, salfa isikunyime usingizi. Tutaonana okoto, Mungu akipenda." Okoto ndio msimu wa kuokota korosho.

Umeona kilichotokea? Vikaratasi viwili vilivyokaa mbali kwenye daftari vimeshikana, na katikati yake limezaliwa la tatu, la Chande kuja na salfa.

Tuendelee. Tukio la kangomba linalipa deni la salfa, lakini na lenyewe linadai. Kwa nini anapimia kwenye chumba cha uani cha Somoe, asipimie kwake? Jibu langu: Chande amekusanya korosho za nusu ya kijiji, na anataka kuzipitisha kwenye chama kama zao la shamba la Somoe, kwa jina la Somoe na namba yake ya uanachama. Yeye mwenyewe ana mikorosho michache, angegundulika. Somoe anakubali kwa sababu anadaiwa. Sasa deni la salfa limegeuka hatari.

Kisha mawe. Nani kayatia ndani ya gunia? Jibu la kwanza linalokuja ni Chande, kwa kuwa tumeshajua ni mtu mbaya. Jibu hilo liogope. Mtu mbaya akifanya ubaya hakuna anayeshtuka, na hakuna deni lolote kwenye mkeka linalolipwa. Jaribu Hamisi. Amemwona baba mdogo usiku, amemwona mama yake anashika taa bila kusema neno, moyo umemuuma. Anafumua gunia, anatia mawe, anashona tena, ili Chande aaibike ghalani. Asichokijua ni kwamba gunia lile limeandikwa namba ya mama yake.

Hapo mimi nilisimama nikatembea uani, maana hadithi ilikuwa imepatikana. Mtoto anamtetea mama, na tendo lile lile la kumtetea ndilo linalomwangusha. Swali lolote la "nani kafanya" likiwa na majibu mawili, chagua linalotoka ndani ya nyumba, kwa mtu anayempenda aliyeumia.

Hatua ya 5: Shika mwisho, rudi kinyumenyume

Chagua tukio lililo zito kuliko yote, liweke mwisho wa mkeka hata kama hujui limefikaje. Kwetu ni la mkorosho kukatwa. Huku mtu hakati mkorosho mkubwa unaozaa hivi hivi, labda akili zimeruka au shida imemfika shingoni. Sasa uliza "kwa nini" na urudi nyuma.

Kwa nini unakatwa? Somoe anachoma mkaa auze. Kwa nini auze mkaa? Bado anadaiwa na Chande, na korosho hazikulipwa. Kwa nini hazikulipwa? Jina lake halikupita. Kwa nini halikupita? Kilo zilizoandikwa kwake ni nyingi kuliko mikorosho aliyonayo, na gunia moja limekutwa na mawe. Kwa nini kilo ni nyingi? Za Chande zimo. Kwa nini alimruhusu? Salfa.

Ukirudi hivyo mpaka ukaangukia tukio la kwanza, mnyororo umefunga. Ukikwama katikati ukajikuta unasema "basi tu, ilitokea", pale ndipo pana tundu, weka jiwe dogo juu ya mkeka pakumbukwe. Na mvua, ajali, ugonjwa, mjomba aliyetokea Dar na fedha: mambo hayo yaruhusiwe kumtia mtu taabuni, yasiruhusiwe kumtoa. Msomaji anasamehe bahati mbaya. Bahati nzuri inayokuja kumaliza hadithi anaiona kama umemdhulumu.

Hatua ya 6: Ipe hadithi kalenda

Hatua hii nyepesi watu wanairuka, na mimi nimeona ikiziba matundu mengi kuliko kipaji. Andika mwezi kwenye kona ya kila kikaratasi. Kilimo cha korosho kinakupa saa iliyokwisha tengenezwa: kupuliza kunaanza mikorosho inapochipua na kutoa maua, Juni na Julai, na kunarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Okoto linashika kasi Oktoba hadi Desemba, na minada inafunguliwa. Kama hadithi yako ni ya wavuvi, tumia kusi na kaskazi. Kama ni ya wanafunzi, tumia mihula. Usibuni wakati kama eneo lako lina wakati wake.

Kisha chagua mwaka, na uwe na sababu. Mimi nilichagua msimu wa 2018. Mwaka ule wakulima walizikataa bei za mwanzo za mnada, na tarehe 12 Novemba serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Kabla ya kulipa kukawa na uhakiki, watu wakafuatwa hadi mashambani kutazamwa kama kilo walizopeleka zinalingana na mikorosho yao, ili wa kangomba wabainike. Kwa hadithi ya Somoe huo ni mwaka wenyewe. Miaka mingine ningelazimika kubuni mtu wa kuja kuhesabu mikorosho yake. Mwaka huu historia imemleta mlangoni.

Lakini kuwa mwangalifu. Ukitumia mwaka wa kweli, msomaji aliyekuwepo atakukagua. Usiweke mnada siku ambayo haukuwepo, wala usimweke kiongozi wa kweli akisema maneno uliyoyatunga. Historia ikae nyuma kama mlima, watu wako wa kubuni watembee mbele yake.

Hatua ya 7: Ziba matundu, unganisha yanayofanana

Tulipofika hapa mkeka ulikuwa na mawe mawili. La kwanza: gunia liligunduliwaje? Hilo jepesi, nikaandika tukio fupi la ghalani, gunia linamwagwa, karani anasoma namba kwa sauti.

La pili lilinisumbua siku kadhaa. Somoe alijuaje kwamba ni Hamisi? Nilimfanya Hamisi akiri, ikawa hotuba. Nikamfanya jirani aseme, ikawa umbea. Ndipo nikatazama zile picha za pembeni, nikaliona doa la bibo. Somoe anafua shati la shule la Hamisi, anasugua doa la bibo ambalo anajua halitoki, na kidole kinachomwa na kitu mfukoni. Ni shazia, sindano ndefu ya kushonea magunia, bado ina uzi wa katani. Hasemi. Anaichomeka kwenye makuti ya ukuta wa bafu mahali ambapo Hamisi ataiona jioni. Hamisi anaiona. Kesho yake yuko Kitunda na begi.

Tukio hilo halikuwa kwenye daftari hata kidogo. Limetoka kwenye tundu, limelipa deni la mawe, limefungua njia ya kivuko, na limeipa kazi picha iliyokuwa imekaa bure. Kwa hiyo usiyachukie matundu. Pengine matukio bora ya hadithi yako bado hujayawaza, na yatakuja tu ukishaona umbo la tundu lenyewe.

Kuunganisha ni kinyume chake. Nilikuwa na orodha isiyo na jina, na nilikuwa na mwanamke anayeacha kuimba akipika wali wa unyago. Yote mawili ni ya mtu anayepata habari mbaya. Nikayafanya moja: Somoe yuko jikoni na wenzake, wimbo umepamba moto, anageuza wali kwenye sufuria kubwa, anaingia mwanamke aliyetoka ofisi ya chama na hamtazami usoni. Somoe anaacha kuimba. Wimbo unaendelea bila yeye. Hatuhitaji kuiona orodha.

Niseme jambo moja kuhusu unyago, kwa kuwa vijana wa sasa wanapenda kuuandika. Jikoni, ngoma ya nje, vifijo vya siku ya kutoka, hayo ni ya kila mtu. Yanayofundishwa ndani yana wenyewe. Hadithi inaweza kusimama mlangoni ikasikia wimbo, na ikawa na nguvu zaidi kuliko ingeingia.

Hatua ya 8: Amua utasimuliaje

Mpaka sasa tumepanga yaliyotokea kwa sababu. Namna ya kuyasimulia ni uamuzi mwingine, na wengi wanauchanganya na wa kwanza. Shuleni tulifundishwa msago, yaani moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, rejea, ambapo simulizi inarudi nyuma, na rukia, ambapo visa viwili vinapokezana.

Kama ni hadithi yako ya kwanza, andika kwa msago. Rejea inapendeza, unaanza na shoka kwenye mkorosho kisha unarudi Juni, lakini nimeona watu wakiitumia kuficha mnyororo uliokatika: kila wanapokosa sababu wanarudi miaka kumi nyuma. Kwanza panga kwa msago mpaka kila deni lilipwe. Ukiona unaweza kuisimulia hivyo bila kusita, ndipo una haki ya kuivuruga. Rukia itakufaa kama Hamisi naye ana maisha mjini yanayodai na kulipa. Kama mjini anakaa tu akiwaza nyumbani, hana kisa, muache aondoke na kivuko.

Hatua ya 9: Isimulie mpaka usikie "enhe"

Sasa mtafute yule mtu wa kukusikiliza. Awe mtu anayejua kusikiliza hadithi, ambaye si lazima awe msomi. Shangazi au dereva wa bodaboda anayengoja abiria atafaa kuliko mwandishi mwenzako. Usimsomee. Msimulie kwa mdomo, vikaratasi viko mkononi mwako, dakika kumi.

Huku kwetu msikilizaji haketi kimya. Anaitikia "enhe", na ile "enhe" ina sauti zake. Ikija haraka na kupanda juu, deni limeshika, anataka lilipwe. Ikishuka na kuchelewa, umempa tukio lisilolipa kitu. Akisema "ngoja kwanza, si ulisema…", umelipa deni ambalo hukulikopa, au umelipa mara mbili. Akiuliza "sasa yule mtoto?" wakati wewe uko kwenye jambo jingine, kuna deni umelisahau. Tia alama ya penseli kwenye kikaratasi pale pale, usijitetee, endelea.

Nilipomsimulia mama mmoja jirani yangu hadithi ya Somoe, "enhe" yake ililala kwenye tukio la ghalani. Nililiandika refu, na karani na mzani na wabebaji. Nikalifupisha likabaki na sauti inayosoma namba. Kisha mwishoni, Somoe akiwa na shoka, mama yule akaniuliza, "Na Hamisi harudi?" Nilifikiri sana kama nimrudishe. Nikaamua hapana. Deni moja unaweza kuliacha wazi kwa makusudi, mradi liwe moja tu, na liwe lile ambalo mhusika mwenyewe naye analingoja. Somoe naye hajui kama Hamisi atarudi. Ukiacha mawili msomaji atasema umechoka.

Vikishatulia, vipe namba nyuma kwa penseli, kisha vipige picha kwa simu kabla hujaviinua mkekani, kwa sababu upepo wa huku hauna adabu na mtoto wa jirani ataingia mbio bila hodi. Vifunge kwa mpira, cha kwanza kikae juu. Kwetu cha kwanza hakikuwa tena kile cha alfajiri shambani. Ni cha jioni moja kabla yake, mwezi Juni: Somoe ameketi barazani akichambua choroko, Chande anashuka kwenye baiskeli iliyofungwa mifuko miwili ya salfa nyuma, anapiga hodi, na Somoe, kabla hajajibu, anaitazama mifuko.